Basi la Bi Zuwena na Mtihani Niliouingia kwa Salamu

Nianze na aibu kabisa tumalizane nayo: mjinga wa kisa hichi ni mimi. Msije mkasoma mpaka katikati mkadhani atatokea mwengine. Hatokei.

Nimestaafu udereva wa basi la wanafunzi wazima hapa Ibra, huku Uarabuni. Ndevu zangu bado hazijajaa mashavuni, najua, lakini Bi Zuwena kasema nimestaafu, na Bi Zuwena akishasema basi. Nyie mliokabidhiwa basi baada yangu mmeniomba nikuandikieni mawili matatu ya kazi. Haya. Mshahara siusemi, mtaukuta wenyewe na mtasikitika wenyewe.

Kwa asiyejua: basi lenyewe dogo, linabeba akina mama na mabibi walioacha skuli zamani. Baada ya alasiri unawapitia majumbani, unawapeleka darasa la watu wazima, na huko wanasoma mpaka wafanye mtihani wa diploma, ule wa kumaliza darasa la kumi na mbili. Wengi wao ni wetu, wa Unguja na Pemba, kwa hiyo ndani ya basi ni Kiswahili, nje ya basi ni Kiarabu, na ukikosa adabu utatukanwa kwa vyote viwili.

Mie mwenyewe skuli niliishia la sita, Pemba, kwa bibi yangu. Baba, ambaye ni wa hapa, akaja kunichukua sauti yangu ishakuwa nzito. Hapa wakaniweka na watoto wadogo kwa sababu Kiarabu changu cha kuandika kilikuwa hakisomeki, hata mimi mwenyewe nilikuwa sikisomi. Nilikuwa nikikaa magoti yanainyanyua meza. Mwalimu akiuliza nani kasogeza meza, darasa zima linanitazama. Nikaacha. Nikapata leseni, nikapata basi, nikasema skuli na mimi ndo kwaheri. Kumbe basi lenyewe linakwenda skuli kila siku.

Siku ya kwanza nilifundishwa kazi na Ami Seif, dereva aliyenitangulia, mtu mwembamba anayeendesha kama amebeba mayai. Akanambia, "Kazi hii ni kusubiri. Kuendesha ndo mapumziko yako." Sikumsikiliza. Tulipofika nyumba ya Bi Zuwena nikapiga honi. Mlango ukafunguka, akatoka bibi mfupi, mkoba begani, miwani imekaa juu ya kichwa.

"Unampigia nani honi?" akasema. "Mimi mbuzi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shuka. Ingia ndani ukanywe kahawa, wanangu wakujue nani anayenibeba."

Ndani, majilisi, yaani sebule ya wageni, imejaa wanaume, wanawe na majirani. Mie nikasema "Assalaam alaykum" ya jumla, nikakaa pale pale mlangoni, nimejikunja kwa adabu. Ami Seif akanifinya paja. "Simama," akaninong'oneza. "Mkono. Anza kulia. Wote."

Nikazunguka nikawapa mkono wote. Mkubwa wao akaniuliza kwa Kiarabu, khabari? Mie nikaona huyu mtu ananijali. Nikamwambia. Nikamweleza tairi la nyuma lilivyo, tumbo langu lilivyonisumbua tangu nile papa mkavu, bibi yangu Pemba anavyolalamika sipigi simu. Ami Seif alikuwa anaangalia zulia, sijui alikuwa anahesabu maua yake.

Tulipotoka akanisomesha. "Sikiliza mwanangu. Huku ukiingia penye watu, unampa mkono kila mmoja, kuanzia kulia. Ukimruka mmoja, umemtukana. Na ukiulizwa khabari, khabari hamna. Ila kheri."

"Na kama ninayo?"

"Hamna."

"Na kama nyumba inawaka moto?"

"Khabari hamna, ila kheri. Unakunywa kahawa. Kisha ndo unasema, kuna moto kidogo kule kwetu."

Haya maneno yashikeni. Yalikuja kuniponza, na yakaja kuniokoa, asubuhi moja hiyo hiyo.

Sasa vyombo vya kazi. Chupa ya kahawa isikosekane, na tende, na maji baridi, na kamba nzima ya kuvutia gari. Miwani ya akiba pia, kwa sababu kila siku kuna atakayeacha yake. Na kiyoyozi. Kiyoyozi cha basi hili kinawagandisha wa mbele na kinawasahau wa nyuma, na vita vyake nimevikuta na nimeviacha. Dawa yake ni hii: wakianza, peleka mkono kwenye kitufe, ukiguse, usikibonyeze. Uliza, "Sasa vipi?" Watakwambia, "Hapo afadhali." Miaka yote nimefanya hivyo na sijapata malalamiko.

Kuhusu mabonde: mvua ikinyesha milimani, maji yanakuja barabarani hata kama juu yako jua kali. Msivuke. Siku moja tulirudi kutoka darasani tukakuta wadi imeshuka, maji mekundu yanapita juu ya lami. Mie nikataka kujaribu. Bi Zuwena, anayekaa nyuma yangu daima, akaniwekea mkono begani. "Ukivuka, utavuka peke yako, sisi tutakutazama."

Tukakaa. Wenzangu, akina mama hawa hawakai bure. Walikuwa na jaribio wiki ile, wakatoa vitabu. Bi Zuwena akajipapasa kichwani, miwani haipo. Ya akiba keshaichukua mwenzake. Akanipa kitabu. "Hemedi, nisomee hili swali."

Nikaangalia. Nikakohoa. Nikasoma neno la kwanza, la pili nikalitunga. Nilivyolitunga likawa zuri kweli, nikaendelea kutunga mpaka nukta. Bi Zuwena akachukua kitabu taratibu.

"Wewe husomi," akasema. "Unabahatisha."

"Bibi, mimi dereva."

"Na mimi nna wajukuu wenye diploma. Nikitia neno nyumbani wananambia bibi hujui. Ndo nikaja huku, na magoti haya. Wewe magoti yako yana nini?"

Nikataka kumwambia magoti yangu ndiyo yaliyonitoa skuli, nikaona hatonielewa. Kesho yake alishuka kwenye basi, akanishika mkono wa kanzu mbele ya watu, akanipeleka upande wa wanaume mpaka kwa mwalimu, Ustadh Khalfan. "Huyu alikuwa analala garini," akamwambia. "Muamshe."

Ndo nikaanza la saba. Nikishawashusha wao, na mimi naingia. Skulini kwetu kulikuwa na wanajeshi waliostaafu, mafundi, na Mzee Nassor, mtu wa Al Qabil mwenye shamba la mitende, kazaliwa Unguja, kilemba chake kimefungwa vizuri kuliko vyote. Diploma ilishamkataa Mzee Nassor mara si moja, kwa hesabu tu. Kila akishindwa anarudi na kalamu mpya.

Kusoma kwenyewe nilisoma kwenye basi. Bi Zuwena aligeuza basi likawa darasa: anauliza yeye, najibu mimi, nikikosea wote nyuma wanaguna. Kulikuwa na hesabu moja ya magari mawili, moja linatoka Ibra, jingine linatoka Sur, yanakutana wapi? Mie nikajibu, "Inategemea ngamia."

Ustadh Khalfan akafikishiwa jibu langu. "Hemedi," akasema, "kwenye hesabu hakuna ngamia."

"Ustadh, wewe umepita njia ya Sur lini?"

"Hakuna ngamia, Hemedi. Na dereva hasimami kununua maji. Na hapigi simu. Anakwenda tu."

"Huyo si dereva, Ustadh, huyo ni jini."

Mwaka ukaja mwaka ukapita, darasa likapanda darasa, na mie nikawa nasoma maswali kweli, situngi. Nilipofika la kumi na mbili, skuli moja ya udereva Nizwa ikawa inatafuta mwalimu. Nilikwenda, mwenye skuli akanipakia garini, akaniona ninavyoendesha, akanipenda. Akasema, "Leta diploma. Matokeo yakitoka nafasi yako ipo. Ukikosa, nampa mwengine, siwezi kukaa na gari bila mwalimu." Nikarudi Ibra sioni barabara kwa furaha. Bi Zuwena nilipomwambia hakucheka. Akasema, "Basi leo hakuna redio," akafungua kitabu.

Siku ya mtihani wa hesabu, wanawake wanafanyia skuli yao, sisi yetu. Nikawabeba asubuhi, mapema kabisa, mambo mazuri. Tumefika mlangoni kwao, Bi Zuwena akafungua mkoba, akafunga, akafungua tena.

"Hemedi," akasema pole pole. "Kitambulisho."

Bila kitambulisho huingii. Dereva mwengine angemuacha. Mimi nilirudi mbio mpaka kwake. Kilikuwa juu ya friji, kimelala na miwani. Nikamletea, akaingia. Kisha nikakimbilia kwetu, basi limejaa mito ya kukalia na vyupa vya kahawa vinagongana, na mie mdomoni nakariri kanuni.

Nikafika mlango unataka kufungwa. Karatasi zimeshagawiwa, zimelazwa kifudifudi. Ukumbi kimya. Wanaume tupu, kanzu nyeupe za dishdasha, kofia, vilemba, wamekaa wanatazama mbele kama wanangoja sinia ya wali. Nikasema "Assalaam alaykum." Wakanijibu wote. Mpaka hapo nilikuwa salama. Kiti changu nakiona, kule mwisho.

Lakini Mzee Nassor, kiti cha kwanza, kulia kwa mlango, akasimama.

Sasa niambieni nyie. Mzee wa umri ule anakusimamia, mkono wako utauweka wapi? Nikampa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Khabari?"

Uso wake ulikuwa umekakamaa, nikajua ni hofu ya hesabu. Akanijibu, "Khabari hamna. Ila kheri."

Nikishampa yeye, wa pili yake keshasimama. Nikampa. Wa tatu kasimama. Utamruka nani? Msimamizi, mwalimu kijana, akashtuka. "Ya akhi! Kaa!"

"Nakuja, ustadh, namaliza mstari huu."

"Mtihani huu!"

"Umebaki mmoja tu." Na kwenye mstari wa nyuma ikatoka sauti, mwanajeshi mmoja, "Kwani sisi tuna nini? Anaturuka?" Nikaona kweli. Nikaenda na wa nyuma. Kila mmoja anasimama, mkono, khabari, khabari hamna ila kheri, mwengine. Wengine ilibidi washike karatasi isipeperuke. Mwisho kabisa nikajikuta mbele ya msimamizi mwenyewe, mkono wangu uko mbele, na yeye, malezi ni malezi, akaupokea. "Khabari?" "Khabari hamna, ila kh..." Hapo ndo akakumbuka yeye ni nani.

Akaingia mkuu wa mtihani, mzee mfupi wa miwani. Akatukuta ukumbi mzima tumesimama.

"Kuna harusi?" akauliza.

Msimamizi akaeleza. Mtahiniwa kazungumza na wenzake wote baada ya karatasi kugawiwa. Lazima iandikwe ripoti. Na ikiandikwa, akasema, karatasi za ukumbi wote zitazuiliwa, si za huyu tu.

Nilikuwa nishaikubali Nizwa iende, lakini hawa? Watu wazima, wameomba ruhusa makazini, wamesoma miaka baada ya kazi, halafu wanaharibikiwa na mtu aliyewasalimia. Walinigeukia wote. Mzee Nassor alikuwa bado kasimama, kafumba macho, nikajua anasoma dua. Nikasema moyoni, huyu mzee nimemuua.

"Umewaambia nini?" mkuu akaniuliza.

"Nimewauliza khabari."

"Zipi?"

"Zote."

Akamgeukia mwanajeshi. "Kakwambia nini?"

"Kaniuliza khabari."

"Ukamjibu nini?"

"Khabari hamna, ila kheri."

Akamuuliza wa pili. Khabari hamna, ila kheri. Wa tatu, wa nne, kapita mstari mzima. Khabari hamna, ila kheri. Mafundi, wanajeshi, wote. Akasimama katikati.

"Ukumbi mzima, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na khabari?"

"Hamna," wakajibu kwa pamoja.

Akageuka kwa msimamizi. "Na wewe?"

Msimamizi akatazama viatu. "Mimi... pia nilisema hamna."

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi andika," akasema. "Mtahiniwa aliuliza khabari. Hakupata."

Msimamizi akafunga kalamu. Mkuu akatuambia muda tulioula kwa mikono yetu harudishi, na kuanzia sasa hatoki mtu mpaka nusu ya mtihani ipite, na mlango akaufunga mwenyewe. "Kaeni!" Tukakaa.

Nikageuza karatasi. Swali la kwanza la maneno: lori linatoka mji mmoja, gari linatoka mji mwengine. Nikavuta pumzi. Nikawatoa ngamia wote barabarani, nikamnyima dereva maji na simu, nikamwacha ende kama jini. Jibu likaja. La pili likaja nusu. La tatu tukatazamana tu.

Nusu ya muda ilipopita, Mzee Nassor akasimama, akaweka karatasi yake mezani, akatoka. Akatoka kwa kasi, kilemba kinalegea. Ukumbi wote ukavunjika moyo. Mzee ambaye hesabu zilimshinda miaka yote, kamaliza kabla yetu! Mwanajeshi pembeni yangu akanong'ona, "Yarabi, kanywa nini huyu?" Msimamizi akamtolea macho.

Mtihani ulipokwisha niliwafuata akina mama skulini kwao. Bi Zuwena akapanda, akanitazama kwenye kioo.

"Umefanyaje?"

"Khabari hamna, bibi. Ila kheri."

"Mbaya kiasi hicho?"

Nikamtilia kahawa kwanza, kisha nikamwambia. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia buibui, akacheka tena kwa sababu ya buibui. Kisha akasema, "Na kisa chake ni kitambulisho changu." Njia nzima hakuuliza swali hata moja la kitabu, na mie nikatamani aulize.

Matokeo yalikuja kwa simu. Bi Zuwena kafaulu, tena vizuri. Nasikia sasa nyumbani kwake wajukuu ndo wanaoambiwa hawajui. Mie nimefaulu, hesabu imepita kwa kujibana kama mtu anapita baina ya magari mawili. Nikampigia yule bwana wa Nizwa, akasema njoo na vyeti. Na Mzee Nassor kafaulu, baada ya miaka yote ile, na hesabu yake ilikuwa juu ya yangu.

Akatualika shambani kwake Al Qabil. Nilipoingia majilisi yake nikawapa mkono wote, kuanzia kulia, na safari hii hakuna aliyetishia kuandika ripoti. Tukala halwa, tukanywa kahawa. Khabari niliulizwa nikasema hamna. Baada ya kahawa, nikaona sasa ndo pahala pa kusema la moyoni. Nikasogea kwa Mzee Nassor.

"Mzee," nikamwambia, "siku ile nimeingia nimechelewa, mtu mdogo mimi, na wewe ukanisimamia. Heshima ile mpaka nakufa siisahau."

Mzee Nassor akatikisa kikombe chake, kuonesha hataki tena kahawa, akakiweka chini.

"Heshima gani, mwanangu?" akasema. "Nilisimama kuomba ruhusa ya choo kabla hawajafunga mlango. Ukanikamata mkono, ukaniuliza khabari. Khabari nilikuwa nayo, tena kubwa. Lakini mtu utasemaje?"